Mtoto Anayeongezewa Minasi Kila Mwaka: Mwongozo Kamili wa Kupunguza Kasi ya Miopia kwa Kliniki Ndogo za Mtwara na Lindi

Faili za watoto katika kliniki zetu nyingi zinafanana. Mwaka wa kwanza namba ya miwani ni -1.25, mwaka wa pili -2.00, mwaka wa tatu -3.00, na kila mara maelezo ni yale yale: miwani mipya, arudi baada ya mwaka. Mtoto anaona ubao, mzazi anashukuru, na jicho linaendelea kurefuka.

Wenzangu wanaopima macho Masasi, Newala, Nachingwea na Kilwa huniuliza jambo moja: nilimpa mtoto lenzi za aina fulani, mbona hazikusaidia? Nikiomba vipimo vya mwanzo, ama havipo, ama vilichukuliwa bila dawa ya kulegeza jicho. Hapo hakuna awezaye kusema kama lenzi zilisaidia au hazikusaidia.

Mwongozo huu ni wa mtaalamu wa optometria au muuguzi wa macho mwenye chumba kimoja, retinoskopu (tochi ya kupimia namba ya macho) na umeme unaokatika. Hatutaiondoa miopia ya mtoto, yaani hali ya kuona mbali kwa ukungu kwa sababu jicho limerefuka. Tunachoweza ni kupunguza kasi yake, na hilo si dogo. Kila milimita moja ambayo jicho linarefuka ni takriban dayopta (kipimo cha nguvu ya lenzi) 2.50 hadi 3.00 za minasi, yaani namba ya kuonea mbali, na retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, inavutwa pamoja nalo. Kila dayopta moja tunayoizuia inapunguza kwa takriban asilimia 40 hatari ya ugonjwa wa katikati ya retina unaotokana na miopia, ule ambao miwani haiutibu.

## Andaa hivi kwanza

- Chati ya kusomea na chati ya E kwa wasiojua herufi, pamoja na nafasi ya mita 6, au mita 3 na kioo.
- Kizibo cha jicho na kizibo chenye tundu dogo.
- Retinoskopu yenye betri iliyochajiwa, kasha la lenzi za majaribio na fremu ya majaribio ya saizi ya mtoto. Fremu ya mtu mzima humkaa mtoto upande na kuharibu kipimo chote.
- Siklopentoleti ya asilimia 1, matone ya kulegeza jicho. Tropikamidi ya asilimia 1 ni ya akiba.
- Ofthalmoskopu.
- Rula ya PD (umbali kati ya mboni) na kalamu ya kuwekea alama kwenye lenzi.
- Futi kamba, kwa ajili ya umbali wa kusomea.
- Kadi ya kila mtoto yenye nafasi ya vipimo vya miaka mitano. Daftari la mapato si kadi.

Otorefrakta, mashine inayopima namba ya macho yenyewe, ni msaada ukiwa nayo, lakini isikae mahali pa dawa. Mtoto akichungulia ile picha ndani ya mashine, jicho lake hujikaza, na mashine huandika minasi ambayo hana: nusu dayopta, dayopta nzima, wakati mwingine zaidi.

## Hatua ya 1: Uliza kabla hujashika tochi

Maswali manne yanatosha. Mzazi yupi anavaa miwani ya kuonea mbali, na alianza akiwa na umri gani? Miwani ya kwanza ya mtoto ilikuwa na namba gani? Siku yake inakwendaje kuanzia alfajiri hadi kulala? Je, amewahi kupata degedege au kifafa?

Swali la kwanza lina uzito. Mtoto ambaye baba na mama wote wana miopia yuko kwenye hatari kubwa kuliko mwenye mzazi mmoja, na huyo naye kuliko asiye na hata mmoja. Hapa kwetu jibu la "hakuna anayevaa miwani nyumbani" halitoshi, kwa sababu wazazi wengi hawajawahi kupimwa. Mwambie mama asome chati pale pale, ni dakika mbili tu. Kama mtoto ameletwa na bibi yake, andika kwamba taarifa za wazazi bado, umpigie simu baba baadaye.

Swali la siku ya mtoto usilijibu kwa kubahatisha. Wengi hudhani miopia ni ya watoto wa Shangani, mtaa wa Mtwara mjini, wanaoshinda na simu, wakati binti wa bweni huko Masasi anayesoma kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku ana saa nyingi zaidi za kutazama karibu.

Swali la degedege linahusu dawa ya hatua ya 3. Mwenye historia hiyo usimwekee mwenyewe. Mpeleke hospitali.

## Hatua ya 2: Pima uoni, jicho moja moja

Anza na jicho la kulia, kisha la kushoto, bila miwani na kwa miwani. Ziba kwa kizibo, si kwa kiganja. Watoto huchungulia katikati ya vidole, na wale wa darasa la kwanza hukariri mstari wa jicho la kwanza.

Jicho likisoma chini ya 6/9, weka tundu dogo. Uoni ukipanda, tatizo linaelekea kuwa la miwani. Usipopanda, usiandike miwani leo kabla hujajua sababu.

Fanya pia kipimo cha kuziba na kuzibua, kwa mbali na kwa karibu, ujue kama macho yanaelekea kuvutana ndani. Utahitaji jibu hilo kwenye hatua ya 8. Tazama mwitikio wa mboni kwa mwanga sasa hivi, kwa sababu baada ya dawa hautauona tena.

## Hatua ya 3: Dawa ya kulegeza jicho, kisha retinoskopi

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Jicho la mtoto lina nguvu kubwa ya kujikaza. Likijikaza wakati unapima, unaliona kama lina minasi kubwa kuliko iliyopo. Ukiandika minasi hiyo, mtoto anaona vizuri kweli, lakini kila anaposoma daftari anajikaza kupita kiasi, kichwa kinamuuma, na baada ya mwaka kipimo chako cha kulinganishia ni cha uongo.

Chagua siku. Jumamosi asubuhi au wakati wa likizo ni bora, kwa sababu maandishi ya karibu yatakuwa na ukungu na mwanga utamsumbua hadi kesho yake. Usimwekee mtoto dawa hii mtihani ukiwa keshokutwa. Mweleze mzazi haya kabla ya tone la kwanza, la sivyo jioni atakupigia simu akilia kwamba umempofusha mwanawe.

Utaratibu ni huu. Tone moja la siklopentoleti ya asilimia 1 kwa kila jicho. Bonyeza kwa kidole pembe ya ndani ya jicho, karibu na pua, kwa dakika moja hadi mbili, ili dawa isishuke puani na kuingia mwilini. Baada ya dakika 5 rudia tone la pili. Kisha subiri dakika 30 hadi 45 tangu tone la kwanza, mtoto akiwa amekaa kivulini mahali unapomwona. Uso ukimwiva, akisinzia, au akianza kuongea maneno yasiyoeleweka, hiyo ni dawa mwilini: mlaze, kaa naye, na ikizidi mpeleke hospitali. Ni nadra, lakini ndiyo sababu haruhusiwi kwenda dukani wakati anasubiri.

Macho ya kahawia iliyokolea, yaani ya karibu watoto wetu wote, hushikwa na dawa polepole. Mboni kupanuka si ushahidi kwamba jicho limelegea. Ushahidi ni huu: ukimvalisha lenzi zake za mbali na kumpa maandishi madogo kwenye sentimita 33, asiweze kuyasoma vizuri. Akiyasoma bila shida, jicho bado linajikaza. Ongeza muda, na ikibidi tone la tatu.

Sasa retinoskopi. Funga uzi kwenye shingo ya retinoskopu na upige fundo kwenye sentimita 67. Kabla ya kila jicho, nyoosha uzi hadi kwenye fremu ya majaribio. Kwenye sentimita 67 unaondoa dayopta 1.50, na kwenye 50 unaondoa 2.00. Mtoto akiinamisha kichwa nawe ukamfuata hadi sentimita 50 bila kujijua, halafu ukaondoa 1.50, umempunguzia nusu dayopta ya minasi. Kwa watoto wengi nusu dayopta ni mabadiliko ya mwaka mzima. Uzi wa shilingi mia unaokoa kipimo cha mwaka.

Mboni ikiwa pana, mwanga wa pembeni hukimbia upande mmoja na wa katikati upande mwingine. Fuata milimita 3 hadi 4 za katikati tu, za pembeni ziache.

Ukimaliza, pata thamani moja ya kila jicho: namba ya duara jumlisha nusu ya silinda (namba ya astigmatizimu). Mtoto mwenye -1.50 na silinda ya -0.50 anaandikwa -1.75. Hii ndiyo namba utakayoifuatilia. Kipimo kizuri ni kile ambacho ukikirudia baada ya dakika 5 kinatofautiana kwa robo dayopta au pungufu.

Usimwache pia mtoto ambaye bado hana minasi. Wa miaka 6 mwenye chini ya +0.75 baada ya dawa yuko njiani kuelekea miopia. Kwa miaka 7 hadi 8 mpaka ni takriban +0.50, kwa 9 hadi 10 ni +0.25, na anapofika 11 ni sifuri. Huyo hahitaji miwani bado. Anahitaji hatua ya 7 leo, na kurudi baada ya miezi sita.

## Hatua ya 4: Hakikisha ni miopia ya kawaida

Mboni ikiwa bado imepanuka, angalia ndani kwa ofthalmoskopu. Unatafuta retina nyembamba, mpauko mpana kando ya mshipa wa fahamu, au kitu cheupe kisichostahili kuwepo.

Wafuatao usianze nao mpango wa kupunguza kasi. Waandikie rufaa:

Mtoto chini ya miaka 6 mwenye miopia kubwa, au wa umri wowote aliyefika -6.00. Aliyezaliwa njiti. Mrefu mwembamba mwenye vidole virefu kupita kawaida, au mwenye matatizo ya viungo au ya kusikia. Asiyeona gizani. Ambaye namba yake imeruka ghafla ndani ya wiki chache, hasa akiwa anakunywa maji sana na kukojoa sana, kwani sukari ya juu hubadilisha namba ya macho. Anayeona vimulimuli au pazia upande mmoja. Huyo ni wa leo hii, si wa wiki ijayo.

Kuna kundi moja tunalikosa mara kwa mara: mtoto mwenye mzio, anayefikicha macho mchana kutwa, ambaye silinda yake inaongezeka kila akija na mwanga wa retinoskopu unafungua na kufunga kama mkasi. Hiyo yaelekea ni konea, kioo cha mbele ya jicho, inayochongoka. Baifokali, lenzi yenye namba mbili, ya mbali juu na ya kusomea chini, haitamsaidia. Tibu mzio, mzuie kufikicha, mpeleke kwa daktari wa macho.

Watoto wenye ualbino wana njia yao. Macho yao huchezacheza, uoni haufiki 6/6 hata kwa miwani sahihi, na namba kubwa wanayokuwa nayo haitokani na kusoma. Wape miwani sahihi na vifaa vya uoni hafifu.

Kwa rufaa, hospitali za mikoa za Ligula na Sokoine, hospitali ya kanda pale Mitengo, na za misheni za Ndanda na Nyangao ndizo za kuanzia. Piga simu kwanza ujue siku ambayo daktari wa macho yupo. Mzazi wa Liwale hapaswi kulala njiani na kukuta mlango umefungwa.

## Hatua ya 5: Andika kasi, siyo namba tu

Namba moja haisemi kitu. Chukua kipimo cha leo, toa cha zamani unachokiamini, gawanya kwa miaka iliyopita katikati. Mtoto aliyekuwa -1.25 na sasa ana -2.75 baada ya miezi kumi na minane, kasi yake ni dayopta moja kwa mwaka.

Nusu dayopta kwa mwaka inadai tufanye jambo. Dayopta moja kwa mwaka ni kasi kubwa. Umri nao una neno: -2.00 ya mtoto wa miaka 8 inatisha kuliko -3.00 ya kijana wa miaka 16, kwa sababu wa miaka 8 ana miaka mingi ya jicho kurefuka mbele yake.

Hospitali nyingi zinazofanya upasuaji wa mtoto wa jicho zina mashine ya kupima urefu wa jicho. Omba kipimo hicho ukiweza. Fahamu tu kwamba ile ya mawimbi ya sauti inayogusa konea inaweza kutofautiana yenyewe kwa kiasi cha ukuaji wa mwaka mzima. Itumie kujua jicho ni refu kiasi gani, si kuhukumu badiliko la miezi sita. Mashine ya mwanga isiyogusa jicho ndiyo ya kufuatilia nayo.

## Hatua ya 6: Mpe namba kamili

Kuna imani kwamba mtoto akipewa minasi pungufu, jicho "halitazoea" na miopia itapoa. Watafiti wa Malaysia waliijaribu mwaka 2002: watoto waliopunguziwa dayopta 0.75 miopia yao iliongezeka haraka kuliko waliopewa namba kamili. Acha kupunguza. Mpe minasi ndogo kabisa inayomfikisha kwenye uoni wake bora, baada ya dawa.

Fremu ina kazi kubwa kuliko tunavyodhani. Watoto wetu wengi wana daraja la pua pana na la chini, na fremu zilizochongwa kwa pua nyembamba huteleza hadi katikati ya pua. Miwani ikiteleza, nguvu ya minasi inapungua na kitovu cha lenzi kinahama. Chagua fremu yenye vipini vya pua vinavyorekebishwa na mikono inayoshika nyuma ya sikio. Kisha mwambie mtoto ainame kama anayesujudu, anyanyuke, aruke mara tatu. Miwani ikibaki mahali pake, imekaa.

Kwa lenzi, polikaboneti. Mtoto atacheza mpira nayo.

## Hatua ya 7: Saa mbili za mchana nje

Hii haina gharama, na ndiyo yenye ushahidi mzito zaidi wa kuchelewesha miopia kuanza. Kule Guangzhou, China, wanafunzi wa darasa la kwanza waliongezewa dakika 40 za nje kila siku ya shule. Baada ya miaka mitatu, waliopata miopia walikuwa asilimia 30.4, dhidi ya 39.5 ya wasioongezewa. Kwa mtoto ambaye tayari ana miopia msaada wake ni mdogo zaidi, kwa hiyo usimwahidi mzazi kwamba kucheza nje kutatosha.

Kinachofanya kazi ni mwanga wenyewe. Darasani mara nyingi haufiki luksi (kipimo cha mwanga) 500. Nje penye jua unazidi 10,000, na chini ya mwembe au mkorosho bado ni maelfu. Mtoto si lazima aungue juani, kofia inaruhusiwa, na asitazame jua.

Usimwambie mzazi "acheze nje zaidi" ukaishia hapo. Kaa naye mhesabu. Shule inaisha saa nane, twisheni hadi saa kumi, madrasa hadi magharibi: saa mbili zitatoka wapi? Kutembea kwenda na kurudi shule badala ya bodaboda, labda dakika 40. Mapumziko ya saa nne, asikae darasani, dakika 30. Twisheni ihamie barazani. Omba ustadhi awafundishie nje chini ya mti. Niliowaomba walikubali, kwa kuwa ndani joto ni kali. Msimu wa korosho hesabu hii hujijibu yenyewe kwa watoto wa Tandahimba na Newala, wanaoshinda shambani wakiokota Jumamosi nzima. Kazi ni Januari, wanaporudi bweni.

Upande wa kusoma, daftari likae umbali wa kiwiko hadi ngumi ya mtoto mwenyewe. Kila nusu saa anyanyue macho, atoke nje atazame mbali. Simu isishikwe sentimita 15 kutoka usoni kitandani. Umeme ukikatika, taa ya sola inayomulika daftari ni bora kuliko mtoto kujikunja juu ya mshumaa.

## Hatua ya 8: Chagua njia ya kupunguza kasi

Lenzi maalumu za miwani. Hizi zina eneo safi katikati, upana wa takriban milimita 9, na vilenzi vidogo vidogo kuzunguka. Katika jaribio la Hong Kong la miaka miwili, lenzi za aina hiyo zilipunguza ongezeko la miopia kwa asilimia 52. Ndizo ningemchagulia mtoto kwanza kama fedha zipo. Muulize msambazaji wako wa Dar es Salaam bei na muda wa kusubiri kabla hujamtamkia mzazi. PD ipimwe kila jicho peke yake, na alama ya mboni iwekwe mtoto akiwa ameivaa fremu yake yenyewe. Zikikaa pembeni, umelipia bure.

Baifokali. Hapa ndipo kliniki ndogo ina silaha isiyoitumia. Watoto wa asili ya Kichina nchini Kanada, wenye miopia inayokimbia, walifuatiliwa kwa miaka mitatu. Waliovaa lenzi za kawaida waliongezeka -2.06. Waliovaa baifokali ya mstari unaokata lenzi nzima, yenye nyongeza ya +1.50, waliongezeka -1.25. Walioongezewa prizimu (lenzi inayopindisha mwanga) ya 3 kuelekea puani kila jicho waliishia -1.01. Maabara nyingi za miwani zinaweza kutengeneza baifokali.

Kosa la kawaida ni kuweka mstari pale unapokaa kwa mzee wa miaka 50. Mtoto hatashusha macho kuutafuta. Atainamisha kichwa na kusomea sehemu ya juu. Katika utafiti huo mstari ulipita usawa wa mboni. Ukitumia baifokali ya kidirisha, ukingo wa juu uguse angalau ukingo wa chini wa mboni. Mpe kitabu umtazame kutoka ubavuni: macho yanapita chini ya mstari? Kama hayapiti, rudisha lenzi. Mfundishe pia kushuka ngazi, siku za kwanza atajikwaa. Wenye macho yanayovutana ndani, uliowaona kwenye hatua ya 2, nyongeza huwafaa zaidi.

Lenzi za progresivu zisizo na mstari usiwauzie watoto kwa lengo hili. Jaribio kubwa la Marekani lilipata tofauti ya dayopta 0.20 tu kwa miaka mitatu, na bei yake wote tunaijua.

Atropini hafifu ya matone. Hong Kong walilinganisha nguvu tatu kwa mwaka mmoja: asilimia 0.05 ilipunguza ongezeko la miopia kwa asilimia 67, 0.025 kwa 43, na 0.01 kwa 27. Jaribio la Marekani la mwaka 2023 halikuona faida yoyote ya 0.01. Dawa hii iandikwe na daktari bingwa wa macho na itengenezwe na famasia yenye uwezo wa kuchanganya dawa safi za macho.

Tahadhari kubwa: usichukue atropini ya asilimia 1 ukaizimua kwa maji ya dripu kliniki. Hutajua nguvu uliyoipata, na chupa itaota bakteria. Wala usimpe mzazi chupa ya asilimia 1 aende nayo nyumbani bila maelekezo ya daktari. Mdogo wake akiinywa, inaweza kumuua.

Lenzi za kugusa jicho, za mchana au za kulala nazo, hufanya kazi vizuri sana katika majaribio. Mimi siwapi watoto wa hapa ninaoshindwa kuwaona ndani ya saa 24 jicho likiwa jekundu. Lenzi iliyooshwa kwa maji ya kisima huleta kidonda cha konea, na kidonda hicho kinachukua uoni ambao miopia isingeuchukua.

Yasiyofaa: lenzi za kuzuia mwanga wa buluu, miwani ya vitundu, mazoezi ya macho, karoti. Hakuna hata kimoja kinachopunguza kasi ya miopia. Vifaa vya taa nyekundu vinavyouzwa mtandaoni kaa navyo mbali, mtoto ameripotiwa kuumia retina zote mbili.

## Hatua ya 9: Ongea na mzazi mpaka aelewe

Mpango mzuri hufia nyumbani. Dar es Salaam, wanafunzi waliopewa miwani bure walipotembelewa baada ya miezi mitatu, karibu nusu tu ndio walikuwa wakiitumia. Walioandikiwa cheti wakanunue, ni karibu robo.

Swali utakaloulizwa ni hili: "Daktari, mwaka jana mlimpa miwani, mbona macho yamezidi kuharibika?"

Usijibu kwa dayopta. Mimi husema: "Mama, kiatu kikimbana mtoto si kiatu kilichomkuza mguu. Jicho lake linarefuka, miwani inamfuata. Leo tunataka lirefuke polepole." Kisha ninamwonyesha kadi, namba ya mwaka juzi, ya mwaka jana na ya leo. Baba akiiona mistari mitatu ikishuka haulizi tena kwa nini anarudishwa.

Sema wazi bei, muda na mipaka: tunatarajia kupunguza kasi, si kuondoa minasi, na bila matibabu au kwa matibabu huenda akahitaji miwani mpya. Panga ununuzi mkubwa pamoja na malipo ya korosho yanapoingia kupitia AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima), kati ya Oktoba na Januari. Mzazi unayemdai fedha Aprili atakosa, na mtoto atakaa na lenzi zilizokwaruzika hadi mwaka uishe.

Kama mtoto anafichiwa miwani na wenzake au anaitwa "macho manne", andika barua fupi kwa mwalimu wa darasa. Mwalimu akisema mara moja darasani kwamba miwani ni ya kusomea, mtoto huivaa.

## Hatua ya 10: Marudio, na lini uache

Baada ya mwezi mmoja: je, anaivaa? Fremu imekaa? Anatumia sehemu ya chini ya baifokali? Usipime namba.

Baada ya miezi sita: dawa ile ile, matone yale yale, muda ule ule, umbali ule ule wa uzi. Andika yote kwenye kadi ili hata mwenzako akipima matokeo yalinganishike. Badiliko la robo dayopta ni kosa la kawaida la upimaji, usimpongeze wala kumtisha mtu kwa hilo. Hukumu yako itoe baada ya mwaka.

Mafanikio ni kasi iliyopungua ukilinganisha na ya mtoto huyo mwenyewe, na umri wake. Aliyekuwa akienda dayopta moja kwa mwaka akishuka hadi 0.50, mpango unafanya kazi. Akibaki pale pale, chunguza kwanza uvaaji na saa za nje kabla ya kubadilisha lenzi. Ikiwa yote yanafuatwa na bado anakimbia, ni wakati wa daktari bingwa na atropini. Barua ya rufaa iwe na vipimo vyote vya kadi, si namba ya leo pekee.

Usisimamishe kwa sababu mwaka mmoja umekwenda vizuri. Kwa wengi miopia hutulia karibu na miaka 15 au 16, na wapo wanaoendelea hadi chuoni. Ngoja miaka miwili mfululizo isiyo na badiliko, kisha acha. Kwa aliyekuwa kwenye atropini, daktari aipunguze polepole, kwani ikikatwa ghafla miopia huweza kuruka. Mpime tena baada ya miezi sita, na akiongezeka nusu dayopta, mrudishe kwenye mpango ule ule.